Mitamba Miwili Mbele ya Wakwe

Kupima kitu kwa macho, hakuna mtu alinifundisha. Shule niliiacha mapema. Nikapanda baiskeli ya toleka, nikawabeba wakubwa na wadogo wa Kisangani kwenye kiti cha nyuma mpaka magoti yangu yakawa mbao. Kutoka toleka nikaingia machinjioni kubeba mapaja ya nyama begani. Kutoka begani nikapata meza yangu sokoni, kutoka mezani nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, halafu nikanunua shamba kwenye barabara ya Bangboka, mahali ndege zikishuka zinapita juu ya nyasi zangu. Watu wenye diploma wananiita papa. Ninayasema haya mwanzoni ili msomaji ajue nani anaongea naye: mimi si mtu wa kudanganywa kuhusu ngombe. Nimewapasua wengi, nimeona kila kitu kilicho ndani yao.

Bon. Sasa nitaeleza vile ngombe wawili walivyonishinda.

Mwanangu wa kwanza alipatana na msichana wa watu waliotoka Kivu ya Kusini. Baba wa msichana alikufa huko kwao wakati wa vita. Aliyemlea hapa Kisangani, kule Kabondo, ni kaka mkubwa wa baba yake, mzee mrefu aliyefanya kazi ya serikali mpaka ikamchosha, anayeongea polepole kama mtu anayesoma hukumu. Na kwa sababu vijana wa leo hawangojei mtu, msichana alizaa mtoto wa kiume kabla sisi hatujapeleka kwao hata kreti moja ya bia.

Kwetu sisi watu wa mto, upande wa Yanonge, jambo kama hilo linatengenezeka. Unapeleka vitenge, mbuzi, taa, bahasha yenye heshima, mnakula samaki, mnaimba, mama na mtoto wanapanda pirogi wanakuja kwenu. Nilikwenda na bahasha nene. Yule mzee akaitazama, akairudisha juu ya meza kwa kidole kimoja.

“Bokilo,” akasema, maana ndivyo tunavyoitana wakwe hapa, “pesa yako tunaiheshimu. Lakini kwetu mutoto mwanamuke hatoki na bahasha. Anatoka na ngombe. Mutamba moja ya mama, mutamba moja ya mutoto.”

Mtamba ni ngombe jike ambaye hajazaa bado. Nikacheka. Kuniambia mimi habari za ngombe!

“Ni hiyo tu, mzee?”

“Ni hiyo tu. Lakini ikuwe na mwili. Tutaiangalia sisi wenyewe.”

“Na kama haina mwili?”

“Itarudi kwako na miguu yake.”

Watu wake wakacheka. Nikauliza habari ya mtoto. Akajibu kwamba mtoto angeitwa kwa jina la ukoo wao, na angelala kwao, mpaka siku mtamba wake angefika na kupokelewa. Kabla ya siku hiyo mimi nisingeweza kumbeba, wala mama yake asingeweza kula kitu cha kwangu. Hiyo ndiyo sheria yao. Donc mjukuu wangu, damu yangu, angekuwa mtoto wa watu wengine mpaka mwili wa mnyama uwafurahishe.

Mtu atauliza kwa nini sikununua mitamba mikubwa, tayari, nikamaliza maneno. Huyo mtu hajui Kisangani. Hapa ngombe wanatoka mbali, upande wa Ituri, kwa miguu na kwa malori, katika barabara ya msitu. Wanaokuja hapa wanakuja kufa: madume, majike mazee, wagumba. Mtamba mzuri mwenyewe hamuuzi, na tangu vita ikalie ile njia, hata wabovu wamekuwa adimu. Kitu kinachopatikana ni ndama, wale waliozaliwa njiani au waliofuata mama zao. Nikasema vizuri, nitawafuga mwenyewe. Nani katika watu wa mto alishafuga ngombe wa mahari kwenye barabara ya Bangboka? Hakuna. Ningekuwa wa kwanza.

Nilichagua ndama wawili wekundu kutoka kundi moja. Mchungaji aliapa kwamba wana baba mmoja, na huyo baba alikuwepo pale, dume lenye nundu kama gunia la makaa. Nilimzunguka, nikajiambia: baba akiwa mlima, watoto watakuwa nini? Mama zao sikuwaangalia sana. Mama wa yule wa kwanza alichinjwa siku ileile walipofika, mimi mwenyewe niliuza maini yake, na ndama wake alikuwa bado na kitovu kinachoning'inia kama kamba kavu. Mama wa yule wa pili aliumia kwato, alikuwa anachechemea, amekonda. Nikamchukua pamoja na mtoto wake, akae shambani mpaka apate nyama kidogo. Alikaa majira mazima ya mvua, ndama wake akinyonya nyuma yake, kabla sijampeleka machinjioni. Sikuona tofauti. Nyama ni nyama, ndama ni ndama.

Nikawafuga vile sisi tunafuga mbuzi: kamba shingoni, mti, nyasi za kandokando. Yule asiye na mama nilimpa maji ya unga wa muhogo na maziwa ya kopo kidogo. Wote wawili wakaanza mapema kula makapi ya kiwanda cha bia, yale mabaki ya nafaka wanayotupa, yananuka uchachu, ngombe wanayapenda kama walevi. Na matumbo yao yakaanza kukua. Mama yangu! Matumbo ya duara, yamekaza kama ngoma. Kila asubuhi niliyatazama, nikafurahi.

Lazima mtu aelewe kitu hapa. Mimi nimezaliwa kwa wavuvi. Sisi tunapima samaki kwa tumbo. Mama yangu alikuwa anaingiza kidole chini ya tumbo la samaki kabla ya kukubali bei. Likiwa limejaa, samaki ana mafuta, ananunua. Mgongo wa samaki nani anautazama? Na machinjioni nilikuwa ninawaona ngombe wakiwa wameshafunguliwa, wamening'inia, kila kitu cha ndani kimetoka. Ngombe mzima, aliyesimama, anayekua, nilimpima kwa macho ya mto.

Kulikuwa na bwana mmoja wa universite, anafanya utafiti wake kule Masako, mteja wa meza yangu. Siku moja alipita shambani, akawaangalia wale wawili, akazungusha kamba ya fundi cherehani kifuani mwao, nyuma ya miguu ya mbele. Akatikisa kichwa.

“Papa, hilo tumbo ni minyoo na makapi. Kifua iko ndogo. Mugongo ni kisu.”

“Angalia baba yao kwanza alikuwa mukubwa namna gani,” nikamwambia.

“Baba ni kitu moja. Kuko na mama, kama alikuwa mutoto ao mukubwa, kama alikuwa na maziwa. Kuko na majira alizaliwa. Kuko na nzi ya msitu, na kupe, na chumvi. Mwili ya ngombe inajengwa na vitu mingi, papa.”

“Prof, wewe ulishachinja ngombe ngapi?”

“Hata moja. Ninakula yako tu, ndiyo maana niko mwembamba.”

Tukacheka sana. Aliniambia nitafute dawa ya minyoo na chumvi ya mawe. Nikamwambia ndiyo, ndiyo, na alipoondoka nikawaongezea makapi.

Siku ya kuwapeleka, niliwaosha wale mitamba kwa sabuni, nikawapaka mafuta ya mawese mpaka wakang'aa kama viatu vya askari. Familia yangu yote ilivaa kitenge cha aina moja. Tulitembea kutoka shambani mpaka Kabondo, ngombe mbele, wanawake wakiimba nyuma, wenye pikipiki wakipunguza mwendo kutuangalia. Nilijisikia mkubwa, sitaficha. Nilifikiri: leo jioni mtoto yule atalala kwangu.

Kwao walikuwa wamepanga viti. Yule mzee alisimama, akavua koti lake, akampa mtu alishike. Akawazunguka ngombe kuanzia upande wa kushoto. Tumbo hakulitazama hata kidogo. Alilaza kiganja juu ya mgongo, pale katikati ya mifupa ya nyonga, akakaa hivyo kama mtu anayesikiliza. Halafu akashika ngozi ya mbavu, akaivuta, akaiacha. Halafu akarudi nyuma akawatazama kwa nyuma, upana wa mapaja. Akafanya hivyo kwa wa kwanza, akafanya kwa wa pili. Kiganja chake kiling'aa mawese. Akakifuta na leso.

Shangazi wa msichana, mwanamke mnene mwenye sauti, hakungoja.

“Bokilo, hii ni ngombe ao ni mitungi ya maji?”

Watu wakalipuka. “Umefuga matumbo!” akaendelea. “Mutu wa samaki, umetuletea samaki ya miguu ine!”

Mpaka watu wangu walicheka, wameziba midomo na vitenge. Niliwaona.

Mzee hakucheka. “Ngombe haina mwili,” akasema. “Zirudi. Tutaangalia tena kisha mvua.”

Nilipogeuka nikamwona mama wa mtoto mlangoni, amembeba mtoto ubavuni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona yule mtoto. Alikuwa amekamata blauzi ya mama yake kwa mkono mmoja, anatazama ngombe. Nikatabasamu. Mama yake akaingia ndani.

Tulirudi na mchana mkali. Wanawake hawakuimba. Yale mawese yalikamata vumbi, ngombe wakafika nyumbani wakiwa rangi ya barabara.

Dawa ya minyoo nilinunua kesho yake. Sitaandika kilichotoka katika ngombe wale, maana watu wanasoma wakila. Itoshe kusema kwamba kuku walikimbilia na mimi nikawafukuza kwa kuona kinyaa. Matumbo yakaanguka. Na chini ya matumbo hakukuwa na kitu: vijiti, ngozi, macho. Ndipo nikaelewa nilikuwa ninafurahia nini muda wote ule. Nikafungua kamba, nikawazungushia uwanja mkubwa wenye nyasi changa, nikaweka chumvi ya mawe, nikachoma majani mabichi kila magharibi kufukuza nzi, nikaleta daktari wa mifugo na sindano zake. Makapi ya bia nikampa jirani mwenye nguruwe. Mimi nikishika kitu ninashika.

Yule aliyenyonya mama yake alianza kuamka. Kwanza manyoya yakalala, yakawa laini. Halafu mgongo ukafunguka, kama mtu anatandika mkeka. Kila nilipoweka kiganja changu pale kwenye nyonga, vile nilivyomwona mzee anafanya, nilisikia nafasi imeongezeka.

Yule mwingine alikula nyasi zilezile. Chumvi ileile, sindano zilezile, baba yuleyule. Aliacha kukonda, hiyo ni kweli. Alikuwa na afya, alicheza, alipiga teke. Lakini alikuwa mdogo. Miguu mifupi, kichwa kikubwa cha mtu mzima juu ya mwili wa ndama. Wapita njia waliniuliza kama ni wa aina nyingine. Niligeuza beseni, nikakaa juu yake uwanjani nikiwatazama wale wawili, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mke wangu akasema nimeoa ngombe. Nilikuwa ninatafuta tofauti. Na niliipata mwenyewe, hakuna mtu alinisaidia: mmoja alikuwa na ziwa la mama majira mazima ya mvua, ziwa la mama aliyekonda, anayechechemea, lakini ziwa. Mwingine nilimpa muhogo. Kile alichokosa wakati ule hakikuwa kinarudi. Nilimletea kwa ndoo, nilimletea kwa sindano, hakikurudi. Kulikuwa na mlango ulikuwa wazi, ukafungwa.

Mvua ilipokwisha nilitaka kungoja. Mwanangu alikataa. Alisema mtoto anaanza kuitika jina lao. Alisema mama wa mtoto analia kila akimpigia simu. “Papa, twende na hizi. Labda watahurumia.” Nikakubali, kwa sababu yule mkubwa alikuwa mzuri sana na nilitaka mkono wa yule mzee uguse ule mgongo. Mara hii hatukuvaa kitenge kimoja, wala hatukupaka mafuta.

Mzee akavua koti. Akaweka kiganja juu ya yule mkubwa, na kikakaa. Kikakaa sana. Akamgeukia shangazi, shangazi akabana midomo, akatikisa kichwa kukubali.

“Hii iko na mwili,” mzee akasema. “Tunapokea. Ni ngombe ya mama.”

Makofi, vigelegele. Mwanangu alinikumbatia mbele ya watu, kitu hajafanya tangu alipokuwa mdogo. Mzee akaenda kwa yule mdogo. Kiganja kiligusa kikaondoka, kama mtu amegusa sufuria ya moto.

“Hii itarudi.”

“Mzee,” nikaanza.

“Itarudi, bokilo. Itakomea hapo. Haitaongezeka tena. Wewe pia unajua.” Nilijua. “Lakini ngombe ya mama imefika, basi mama aende. Leo. Mutoto atabakia mpaka ngombe yake itafika.”

Mama wa mtoto alitoka ndani na begi. Alikuwa ameshajitayarisha, amesuka, amevaa viatu vipya. Shangazi alimchukua mtoto mikononi mwake. Yule mtoto alikuwa bado ananyonya. Alikuwa hajaanza kutembea vizuri. Alinyosha mikono, akaanza kulia, akijivuta kuelekea kifua cha mama yake, na nikaona blauzi ya mama imelowa upande mmoja. Alijifunika na kitenge haraka.

“Tutamupa uji,” shangazi akasema. “Anameza muzuri, usiogope.”

Mwanangu alikuwa ameshashika begi. Mtamba mdogo alikuwa amesimama karibu nami, bega lake halinifikii kiunoni, anatafuna kamba yake.

Nikasema, “Mama abaki.”

Mzee akanigeukia.

“Unasema nini?” mzee akauliza.

“Ngombe wenu amepokelewa, abaki hapa, ni wenu, sirudishi. Lakini mama naye abaki na mtoto, mpaka ngombe wa pili afike.”

“Papa!” mwanangu akasema.

Shangazi akacheka. “Kwa hiyo mutu wa mto anatoa ngombe bure? Bokilo, jua imekupiga!”

“Mama,” nikamwambia shangazi, “angalia hii ndogo. Mmekataa mgongo wake mara mbili. Mnajua kwa nini iko hivi? Mama yake nilimuuza siku ileile nilimununua. Nikamupa uji. Alimeza muzuri.”

Mzee alimtazama yule mnyama, kutoka kwato mpaka masikio, muda mrefu kuliko wakati alipompima. Nitasema ukweli, niliamini atalegea. Nilifikiri atasema, mchukue wote wawili, muende. Mtu mwingine angesema hivyo.

“Umesema kweli,” akasema. “Mama abaki. Lakini jina ni yetu. Hiyo haibadiliki kwa maneno.”

Akavaa koti lake.

Mama wa mtoto alichukua begi mkononi mwa mwanangu, akaliweka chini. Alimchukua mtoto kutoka kwa shangazi, akakaa palepale kwenye ngazi, akageukia ukuta akamnyonyesha na viatu vyake vipya miguuni. Hakunishukuru. Hakunitazama. Nilisikia alikuwa analia, lakini mtoto alikuwa amenyamaza.

Mwanangu alitembea mbele yetu njia yote. Karibu na shamba alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Nimengoja muda hii yote. Walinipa bibi yangu, wewe ukamurudisha. Unapimia mutoto yangu na ngombe.”

“Ndiyo,” nikamwambia. “Ni kitu ninajua.”

“Hujui kitu. Unajua nyama.”

Wiki hiyo alipanda baleniere, zile mashua kubwa za mbao zenye mota, akashuka Isangi. Anauza chumvi na betri kule, ananunua samaki wa moshi. Nikimpigia simu anajibu vizuri, “Oui, papa,” ananiuliza habari ya mama yake, na mtandao unakatika wakati ninaanza jambo lingine. Kwa wakwe alipita mara moja au mbili. Akalala kwa rafiki, kwangu hakufika.

Mtamba wa pili sijapata bado. Nimetuma watu mpaka Bafwasende. Wanarudi na habari za barabara, za watu wenye silaha, za makundi yaliyokwama. Siku moja waliniletea ndama mzuri, mwekundu, mwenye miguu mirefu, mama yake ameshauzwa njiani. Nilimtazama mdomoni, bado alikuwa ananyonya hewa. Nikawaambia waende naye. Wakasema papa amekuwa mgumu. Yule mdogo wangu bado yuko, amezeeka katika udogo wake. Sijamchinja. Wanaoniuliza kwa nini ninawaambia hana nyama ya kutosha, na ni kweli.

Mwezi uliopita mama wa mtoto alipita sokoni karibu na meza yangu. Mtoto sasa anatembea kwa miguu yake, amemshika mama yake kidole. Nilimtazama vile ninavyojua kutazama sasa: mapaja, kifua, mgongo. Ana mwili. Wa rika lake wachache pale sokoni walikuwa sawa naye. Nikakata kipande kizuri cha mgongo, nikakifunga ndani ya majani, nikamnyoshea mama yake.

“Papa, sitaweza,” akasema kwa sauti ndogo. “Unajua.”

Ninajua. Nikakirudisha mezani.

Shangazi alikuwa mbele kidogo, kwa wauza sombe, yale majani ya muhogo. Aliita kwa sauti, jina la ukoo wao. Mtoto aliachia kidole cha mama yake, akageuka, akakimbia kule, miguu minene ikipiga tope.